Niliitikiwa Jina Gwarideni, Mwenzangu Akafukuzwa Chuo

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijasema jengine lolote, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikianza na mengine: kazi, shida za nyumbani, ujana. Leo naanza na lenyewe. Nimekosa, na aliyeadhibiwa ni mtu mwengine.

Jina langu silitaji. Mamangu bado yuko Jambiani, na watu wa pale wanatambuana hata kwa kikohozi. Yameshamfika ya kutosha kwa ajili yangu.

Mamangu analima mwani. Ndio uliotulea sisi sote. Nilipomaliza skuli nilifaulu, nikapata nafasi ya chuo kikuu hapa mjini, lakini nafasi bila ya ada ni karatasi tu ya kuonyesha wageni. Ndipo nikasikia habari za mpango wa vijana wa akiba.

Makubaliano yake yalikuwa mepesi kueleza. Unaingia kambini miezi michache, unafunzwa, unakula kiapo, kisha unarudi uraiani kusoma. Ada yako inalipwa mpaka unamaliza. Wewe kwa upande wako unakuwa askari wa akiba: Jumamosi mbili kila mwezi unahudhuria gwaride na mazoezi, na likitokea la kutokea, mafuriko au ajali ya chombo baharini, unaitwa na unakwenda. Ukikosa mara tatu bila ya ruhusa, ada inasimama.

Hakuna aliyenidanganya. Nilisoma kila mstari na nikatia saini kwa furaha. Hili nalisema kwa sababu nimewahi kujitetea kwamba masharti yalikuwa magumu. Hayakuwa magumu. Jumamosi mbili!

Kambini ndiko nilikomjua Makame. Mtumbatu, mrefu, mpole, mtu wa kucheka kwa mabega bila ya sauti. Alilala kitanda cha juu yangu. Babake alikuwa keshafariki, na hapa Unguja mjini alikaa kwa ami yake, Mwanakwerekwe. Aliingia kwenye mpango ili asomee uuguzi.

Sasa niseme kweli. Wengi wetu tuliziona zile Jumamosi kama foleni ya kupokea ada. Unasimama, unaondoka, umemaliza. Makame hakuwa hivyo. Yeye alivitaka vyote viwili, chuo na kombati. Tukifunzwa kufunga jeraha au kumbeba mtu aliyevunjika mguu, alikuwa anauliza mpaka sajenti anamwambia basi, wengine nao wanataka kwenda kula. Aliwahi kuniambia kwamba chombo kikizama watu wengi hukimbilia ufukweni kusaidia na hawajui la kufanya, na yeye anataka awe yule anayejua.

Mie sikumcheka. Lakini sikumwelewa.

Mwaka wa pili wa chuo nikapata kibarua Paje, kwenye skuli moja ya kaiti, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao ukivutwa baharini na tiara kubwa. Nilikuwa hodari wa maji tangu mdogo, na wageni walinipenda. Tatizo ni kwamba wageni wengi walifika mwisho wa wiki, na tajiri wangu alinitaka Jumamosi.

Nikamwendea Makame.

Nilimwomba aniitikie jina. Asubuhi pale kwenye gari la kutupeleka mazoezini, sajenti alikuwa anasoma majina mbio mbio, macho kwenye karatasi, na kila mtu anajibu "Naam, afande." Makame akisimama nyuma angeweza kujibu lake, na likija langu akajibu tena kwa sauti nzito. Alikataa. Akaniambia niombe ruhusa kama watu. Nikamwambia ruhusa nazo zinahesabiwa. Akakataa tena. Basi nikamkumbusha kwamba kule kambini, alipochubuka miguu, mie ndiye niliyembebea mzigo wake siku mbili.

Naona haya kuliandika hili. Nilimbebea mzigo bila ya kuombwa, kisha nikaja kumdai.

Akakubali mara moja tu, alisema. Ikawa mara nne.

Mara ya tano ndiyo hii. Siku hiyo lilikuwa zoezi la uokozi upande wa kusini, kwenye mikoko, mahali ambapo maji yakitoka unapita kwa miguu na yakijaa njia haionekani. Siku moja kabla nilimpigia simu Makame, nikamwambia hii ndiyo ya mwisho.

"Kesho tunaingia majini," alisema. "Kesho si siku ya kuitikiana, yakhe."

"Nshamkubalia mgeni wangu. Siwezi kumrudisha."

Kisha akasema, "Haya."

Yaliyotokea kule sikuyaona. Nimeyapata kwa Zuwena, msichana wa kikosi chetu aliyekuwepo, na yeye hana sababu ya kunipamba.

Asubuhi majina yaliitwa, yote thelathini na mawili yakaitikiwa. Wakavuka mikoko maji yakiwa yametoka, wakafanya zoezi lao, wakarudi huku maji yameanza kuingia. Walipofika nchi kavu sajenti hakuita majina. Alihesabu vichwa. Thelathini na mmoja. Akahesabu tena. Akawapanga mistari, akahesabu mara ya tatu. Ndipo akaita majina moja moja, na kila aliyeitwa akapiga hatua mbele.

Likaja langu. Hakuna aliyepiga hatua.

Zuwena anasema alimwona Makame ametoa simu, anapiga, anakata, anapiga tena. Alikuwa ananitafuta mie. Bila ya shaka alitaraji nitokee mahali, niseme naumwa na tumbo, nilirudi mapema, uongo wowote ule. Simu yangu ilikuwa imezimwa, imo kwenye kisanduku cha plastiki pale Paje pamoja na miwani ya wageni.

Wakaingia majini kunitafuta. Maji yanapanda, wao wanapapasa baina ya mizizi ya mikoko na wanaliita jina langu. Zuwena alikatwa na chaza chini ya wayo, akashonwa. Kovu analo mpaka leo. Alinionyesha, na sikujua niangalie wapi.

Makame naye alikuwa humo majini, ananitafuta hali anajua kwamba simo. Nimejaribu mara nyingi kuiwaza ile hali. Siwezi kuimaliza.

Zaidi ya saa ikapita. Kamanda akaamrisha familia yangu iarifiwe, na sajenti akampigia sheha, kiongozi wa serikali kijijini kwetu. Makame aliposikia mamangu anatajwa, akatoka majini, akasimama mbele ya kamanda na kusema kwamba simo, sikuja kabisa, na aliyeitika ni yeye.

Lakini simu ya mwanzo ilikuwa imeshafika.

Mamangu alikuwa ufukweni anaanika mwani. Sheha hakujua kuyazunguka maneno. Alimwambia mwanao amepotea majini, anatafutwa. Bahari ambayo nilidhaniwa nimezama humo haikuwa ile, ilikuwa upande wa pili wa kisiwa, lakini mamangu aliitazama hiyo iliyo mbele yake akaanza kuingia, na kanga zake na kila kitu, mpaka wanawake wenzake wakamfuata na kumtoa.

Simu ya pili, ya kusema kwamba sikuwemo kwenye zoezi, ilikuja baadaye. Haikusaidia. Watu waliuliza: kama hayumo majini, yuko wapi, na mbona simu yake haipatikani?

Mie nilirudi nyumbani alasiri kwa pikipiki, nywele zimekauka chumvi, nimevaa fulana ya skuli ya kaiti. Nikaona viatu vingi mlangoni. Nikaona mabenchi ya msikitini yametolewa nje. Wanaume waliokaa pale waliniangalia, na hakuna aliyenisalimia. Nikauliza nani kafariki.

Mzee mmoja jirani yetu akainuka, akanishika mkono, akaniingiza ndani.

Mamangu alikuwa amekaa juu ya mkeka katikati ya wanawake. Aliponiona hakupiga kelele. Alinipapasa uso kwa viganja vyake, vile vilivyokunjana kwa maji ya chumvi, akapapasa na mabega. Kisha akaiangalia ile fulana. Akaisoma. Mamangu si msomi sana, lakini neno Paje analijua. Akaondoa mikono yake.

Hapo ningeweza kukoma. Nataka uelewe hilo, msomaji. Mpaka hapo nilikuwa kijana mjinga aliyetoroka gwaride na kumtia mamake kihoro. Ningekwenda kusema nimekosa, ningeondolewa kwenye mpango, na habari ingekwisha. Ubaya wenyewe nilikuwa bado sijaufanya.

Tukaitwa kikaoni mjini, mie na Makame, baada ya siku chache.

Kabla ya kwenda nilikuwa nimeshafanya hesabu zangu. Nikikubali, ada inakwenda, chuo kinakwenda, narudi kukata kamba za mwani. Nikikana, labda naponea. Nikatunga kwamba siku ile niliumwa na homa, nililala kwa jamaa, simu haikuwa na chaji, na nilimwomba Makame aniombee ruhusa, si aniitikie. Hilo la kuitika alilitia yeye mwenyewe.

Uongo huo ulihitaji shahidi. Nikampigia mamangu, nikamwomba, wakimuuliza, aseme nilikuwa mgonjwa.

"Juzi nimekulilia," alisema. "Leo unataka nikusemee uongo?"

Nikamlilia mie. Nikamwambia miaka yote aliyoinama majini itakuwa bure. Najua pa kumgusa mamangu.

Kikaoni walikaa watu watatu nyuma ya meza: kamanda, karani wake na sajenti. Nikaulizwa kwanza. Kamanda alisema kwa utaratibu kabisa, hakufoka.

"Ulimtuma mwenzako akuitikie jina?"

Makame aligeuka akaniangalia. Hakunikazia macho. Aliniangalia kama mtu anayekupisha mlangoni, tangulia wewe.

"Sikumtuma," nikasema. "Nilimwomba aniombee ruhusa. Nilikuwa naumwa."

Karani akampigia mamangu simu palepale, ikawekwa tuisikie sote. Mamangu alisema maneno matatu tu: "Alikuwa mgonjwa, afande." Sauti yake siijui. Kama ya mtu mwengine.

Kisha wakamuuliza Makame, je, ni kweli hakutumwa? Na yeye, aliyekuwa na simu yenye ujumbe wangu wa zile mara nne zote, hakuitoa. Akasema, "Kama yeye kasema hivyo, basi andikeni hivyo. Aliyeitika ni mie."

Mie nikapewa onyo. Makame akaondolewa kwenye mpango kwa kudanganya gwarideni na kuhatarisha wenziwe. Ada yake ikasimama muhula uleule. Ami yake alijaribu, akashindwa. Kabla mwaka haujaisha Makame alikuwa nje ya chuo, amebakisha kidogo tu amalize stashahada yake.

Mie nikamaliza. Kila ada yangu ililipwa kwa wakati. Siku ya mahafali mamangu hakuja. Alisema mgongo unamuuma. Nilipiga picha na wazazi wa watu.

Nikapata kazi ofisini, hapa mjini. Nikabaki askari wa akiba kama mkataba unavyosema, na baada ya kikao kile sikukosa gwaride hata moja. Utaona kichekesho hicho: nimekuwa mfano. Mwaka huu wakaniita nizungumze na vijana wapya wanaotaka kujiunga, niwaeleze vipi utumishi na masomo vinakwenda pamoja. Nikapanda jukwaani nimepigwa pasi. Nikawaambia nidhamu. Nikawaambia uaminifu. Wakanipigia makofi, na kijana mmoja akanyanyua mkono akauliza, je, ikiwa mtu ameondolewa kwenye mpango kwa kuonewa, anaweza kurudi?

Nikajibu sijui. Nikashuka.

Wiki ile ile nikaenda Mwanakwerekwe. Sikuwa nimemwona Makame uso kwa uso tangu kikaoni. Anauza vitunguu na viazi kwenye duka la ami yake. Nilipofika alikuwa na mama mmoja amembeba mtoto, anamwonyesha chupa ya dawa. Makame aliisoma pande zote, akamwambia kijiko kimoja, si viwili, na kesho homa ikiwa haijashuka ampeleke kituoni asingoje. Yule mama akamshukuru, akamwita daktari. Yeye akacheka kwa mabega.

Kisha akaniona.

Nikasema yote. Nikamwambia nitamlipia chuo mwenyewe, kwa mshahara wangu, mpaka amalize. Alikuwa anapanga vitunguu huku ananisikiliza, vikubwa mbele, vidogo nyuma.

"Pesa zako sizitaki," alisema. "Mie nilikosa kwa kuitika, na hilo nalikubali mbele ya mtu yeyote. Lakini pale imeandikwa kwamba nililizua peke yangu. Nenda kaseme kwamba ulinituma. Basi."

"Kwa nini hukuwaonyesha zile jumbe?"

"Nilikungoja wewe."

Nikaenda. Na hapa ndipo ninapotaka kupasuka, wallahi! Kusema uongo kulinichukua dakika moja. Kuufuta sijamaliza mpaka leo.

Kamanda yule keshahamishwa. Aliyepo hajui habari hizo. Karani mpya akaniambia niandike barua, ipitie kwa mkuu wangu wa kazi. Nikaandika, ikapita, mkuu wangu akanitazama jicho la pembeni na tangu hapo hanitumi tena kazi za maana. Nikaipeleka. Nikaambiwa inatakiwa nambari ya jalada. Nikaitafuta. Nikaambiwa mwenye shauri ni Makame, aandike yeye ombi la kusamehewa. Makame akasema haandiki kuomba msamaha wa jambo ambalo hakulifanya, na ana haki.

Nikarudi. Ofisa mmoja mdogo, mwema, akanifungia mlango akaniambia, "Kaka, shauri hili limefungwa na wewe umetoka salama. Unalifungulia nini?" Akaniambia hata wakiamini, umri wa Makame wa kuingia kwenye mpango ulishapita. Kuhusu mie, watanijulisha.

Hawajanijulisha. Nimekwenda tena, na tena. Barua yangu nimeiona kwa macho yangu, imepigwa muhuri wa kupokelewa, iko kwenye rafu chini ya nyengine. Natamani waniadhibu. Natamani mtu anifokee. Kila mtu pale ananiambia nisubiri, kwa adabu nzuri kabisa.

Nilikwenda Jambiani kumwambia mamangu. Nilidhani atafurahi. Nikamweleza kwamba nshakwenda kusema kweli, nshaandika, nshatia saini, na jina lake nimeliandika kwamba nilimlazimisha. Alikuwa anasafisha kamba za mwani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na Makame karudi chuo?" aliniuliza.

"Hajarudi, mama."

"Basi bado hujaenda," alisema, akaendelea na kamba zake.

Kwa hiyo kesho kutwa nakwenda tena, na barua nyengine, na mara hii Zuwena amekubali kufuatana nami kama shahidi.

Nyinyi vijana mnaojiunga na mipango hii, jiungeni. Ni mizuri. Ada ni ya kweli na chuo ni cha kweli. Lakini ile Jumamosi nayo ni ya kweli. Kuna mtu anahesabu vichwa huko akiamini kwamba karatasi yake haisemi uongo, na wenzako wataingia majini kwa kuiamini karatasi hiyo. Usimwombe rafiki akuitikie. Ukiombwa, kataa, hata kama aliwahi kukubebea mzigo.

Na kama maji yameshamwagika, umekaa mbele ya meza, umeulizwa, na rafiki yako amegeuka anakuangalia, sema hapohapo. Hiyo dakika moja ina karatasi, ina mihuri, ina watu watatu waliokaa kukusikiliza. Ukiiacha ikapita, utazunguka maofisini miaka, utakuta kila fomu ya kila jambo, na fomu ya kuirudisha dakika hiyo haipo.